Pamba ya Mwezi Mzima

Wivu wangu ulianza siku ya kwanza ya fildi, yale mafunzo ya vitendo, kabla hata sijavua sweta. Tulipelekwa wawili kutoka chuo kimoja cha uuguzi, ngazi ya cheti, kwenye kituo cha afya kilichoko kati ya migomba na mashamba ya chai, mwendo mfupi kwa bodaboda kutoka Tukuyu mjini. Mimi mtoto wa Rungwe, mwenzangu wa Tanga. Nilidhani nitamwonea huruma kwa baridi ya mwezi wa saba. Wapi! Kufika saa nne, akina mama wote kwenye benchi walikuwa wanamwita "mwanetu". Mimi, ambaye nimezaliwa hapo hapo, waliniuliza kama mimi ndiye mfagiaji mpya.

Na mkono wake! Mtoto akichomwa na yeye hulia mara moja, "nge", halafu ananyamaza anamtazama kama vile ameombwa radhi. Mimi watoto walinililia nikiwa bado natafuta bomba la sindano. Jioni, chumbani kwetu, nilijizoeza kuuchoma mto. Mto haulii, kwa hiyo kwenye ndoto zangu nilikuwa bingwa.

Sista aliyesimamia kituo, mama wa Singida aliyekaa kwetu miaka mingi, alitutangazia Jumatatu: "Ijumaa kuna mkoba Isongole. Namchukua mmoja wenu. Huko atachanja mwenyewe, mimi natazama tu. Nitaangalia nani yuko makini."

Mkoba ni kliniki inayowafuata watu huko huko vijijini. Nilivyosikia tu "atachanja mwenyewe", nikajiona nimesimama uwanjani, kina mama wamepanga foleni, ukungu unapanda, mimi na koti jeupe. Nikamwangalia mwenzangu. Alikuwa anatabasamu. Nikaomba kimoyomoyo akosee kitu. Kidogo tu.

Mungu ana masikio. Jumatano alikosea.

Ilikuwa zamu yake kuita watoto mlangoni, mimi nilikuwa mezani nakata pamba na kuifinyanga vipande vidogo vya kufutia mkono kabla ya sindano. Alikuwepo mama mmoja mdogo, amembeba mtoto wa miezi tisa aliyekuja kwa chanjo ya surua. Alikuwa amekaa benchi la mbele. Mara akaingia mzee wa kikohozi, na koti lake refu, akakaa karibu na mlango. Yule mama kumwona tu, akavuta khanga usoni, akainuka, akaenda kusimama nje nyuma ya migomba.

Mimi nilielewa hapo hapo. Yule mzee alikuwa baba mkwe wake. Kwetu wapo wengi ambao bado wanashika: mke wa mwana hakutani uso kwa uso na baba mkwe, hapiti mbele yake. Wanaita ukutila, ni kumwogopa kwa heshima. Vijana wa mjini wameacha, lakini kuna nyumba ambazo hazijaacha.

Mwenzangu akaita jina la mtoto. Kimya. Akaita tena. Akachungulia, akamwona mama amesimama migombani na kadi mkononi.

"Mama, si wewe unaitwa? Njoo basi, pita hapa!"

Mama akatikisa kichwa.

"Jamani, mama! Wenzako wanasubiri. Mbona mkaidi hivyo?"

Benchi zima likaangalia chini. Mzee akakohoa, akageuza uso ukutani, maskini, naye hana pa kwenda. Neno moja tu lingetosha. Ningesema, "Shoga, mpitishe mlango wa nyuma," yangeisha. Neno lilikuwa mdomoni kabisa. Nikaendelea kukata pamba. Nilikata pamba kwa bidii ambayo sijawahi kuionyesha tangu nizaliwe, na ndani nilikuwa nasikia utamu, nisidanganye, kama wa ndizi mbivu.

Halafu nikasikia mtoto analia kwa mbali, sauti inazidi kupungua. Mama alikuwa anaondoka na mtoto wake bila chanjo.

Utamu ukageuka shubiri. Nikatupa mkasi, nikatoka mbio. Nilimkuta kwenye njia ya mashamba ya chai, machozi yanamtoka.

"Ningepitaje mbele ya tata?" akaniuliza. Tata ni baba. "Yule dada ananiita mkaidi mbele yake."

"Hajui, dada yangu. Ametoka mbali. Mimi ndiye ninayejua," nikasema, na sentensi ile ikanichoma kuliko sindano. Nikambebea mtoto, tukarudi kwa mlango wa nyuma. Mikono yangu ilikuwa inatetemeka kwa mbio, kwa hiyo nani alichanja? Mwenzangu. "Nge", mtoto akanyamaza. Hata hapo nikaona wivu!

Mama alipomweleza habari ya mkwewe, mwenzangu akampigia magoti, akamwomba msamaha kwa kile Kiswahili chake cha pwani mpaka mama akacheka. Kisha akaenda mwenyewe kwa sista: "Mimi nimemfukuza kwa ujinga wangu. Mwenzangu ndiye kamrudisha." Angalau angenisema vibaya nikapata pa kumchukia.

Sista akanigeukia. "Na wewe binti, alipokuwa anaitwa ulikuwa wapi?"

"Nakata pamba, sista."

Akatazama mezani. Mlima wa pamba ulikuwa umefunika kopo, umefunika daftari, nyingine imedondoka chini.

"Hiyo ni pamba ya mwezi mzima," akasema polepole. Akatosheka na hilo. Nikajua amejua.

Ijumaa tulikwenda wote, bodaboda mbili. "Yeye atachanja," sista alisema. "Wewe utakuwa mdomo wake." Nikapakata kasha la baridi lenye chanjo njia nzima ya kupanda Isongole, mapaja yanakufa ganzi, nimekumbatia chanjo nisizochanja.

Huko, bibi mmoja aliyemleta mjukuu wake alimshika mwenzangu mkono, akasema maneno marefu kwa Kinyakyusa, akamalizia "ndaga fijo".

"Anasemaje?"

"Anasema asante."

"Maneno yote yale, asante tu?"

"Kinyakyusa kina maneno mengi, shoga."

Akacheka, akaamini. Nilikaa na maneno ya bibi kifuani mpaka tunafungasha, yakawa mazito kuliko kasha. Mwisho nikayatapika yote.

"Bibi alisema mkono wako mwepesi, kama wa mtu anayemwokota kifaranga. Na Jumatano nilijua kwa nini yule mama hapiti. Nilinyamaza makusudi, ili niletwe mimi huku."

Akafunga mfuniko wa kasha.

"Nilijua kuna kitu," akasema. "Nani anakata pamba huku anatabasamu?" Kisha akauliza, bila kunitazama, "Na wewe je, bibi alikuambia nini?"

"Aliniambia nishike kasha vizuri, nisije nikaangusha dawa za watu."

"Basi shika vizuri," akasema, akaniwekea mapajani.

Nikashika. Bado nilikuwa namwonea wivu, tena sana, lakini njia nzima ya kushuka bondeni nilishika kwa mikono miwili.