Kitambaa cha Manjano Juu ya Mashine

Mashine yangu ya kuchonga mbao inakaa sebuleni, kati ya kochi la wageni na redio ya mama. Usidhani ni heshima. Soketi inayofanya kazi ni ile moja tu, na hapa Busia kitu cha chuma ukikisahau barazani, asubuhi kimeshavuka mpaka na kina mwenyewe mwingine. Kaka yangu aliyeko ng'ambo ndiye aliyenitumia. Alisema haihitaji fundi: unachora kwenye kompyuta, unaingiza ubao upande huu, unatoka upande ule ukiwa umechongwa. Mtu aliye mbali hakosi maneno matamu.

Kwa muda ilinilisha, siwezi kukana. Nilichonga vibao vya maduka, trei za harusi, na misalaba ya watu wa Bukhayo na Funyula. Halafu ikaanza kiburi, na kiburi chenyewe kilichagua wakati. Kilinikuta na msalaba wa baba.

Msalaba wa kwanza uliliwa na mchwa. Tulikuwa tumepanga ukumbusho wake Jumamosi moja baada ya mavuno, na mama alitaka msalaba mpya wa mvule, wenye jina lililochimbwa ndani. Rangi hakutaka, saruji hakutaka. Mama hakwenda shule. Neno analojua kusoma duniani ni moja, nalo ni jina la baba. Alijifunzia kwenye mpini wa jembe. Enzi zao watu walipolimiana mashamba kwa zamu, kila mtu alichoma jina lake kwenye mpini kwa waya wa moto ili majembe yasibadilishwe. Mama alilima na jembe la baba miaka na miaka, kidole gumba kikipita juu ya zile herufi mpaka akazijua moja moja. Mpini wenyewe ulivunjika zamani ukaishia jikoni.

Sasa presha ya macho imemchukulia nuru yote. Picha ya baba iliyo ukutani haimfai kitu. Aliniomba jambo moja tu: alisome jina lile kaburini kwa vidole vyake, akiwa bado ana nguvu za kutembea mpaka kule mwisho wa shamba. Nikamwahidi. Nilidhani ni kazi ya asubuhi moja.

Ndani ya mashine hii kuna jicho dogo, wanaliita sensa. Si sensa ile ya kuhesabu watu, ingawa hii nayo ilikuwa inahesabu vibaya. Kazi yake ni kutafuta ukingo wa ubao. Kando yake kuna kigurudumu cha shaba kinachobingirika juu ya ubao kupima umetembea kiasi gani. Jicho lisipoona, au kigurudumu kikikwama, mashine inasimama na kuandika kwenye kioo chake kwamba hakuna ubao. Ubao umo ndani. Unauona, umeushika kwa mkono wako. Mashine inakwambia hakuna. Sijui kazi inayochosha kuliko kubishana na kitu kisichosikia.

Nilimpigia kaka. Akasema zima, washa. Nikazima, nikawasha. Akasema safisha jicho kwa pamba kavu, halafu lipulizie hewa. Nikaazima pampu ya baiskeli kwa jirani, nikapuliza mpaka vumbi la mbao likanijaa puani. Mashine ikakubali. Mchana ule nikachonga kibao cha kujaribia, herufi safi kabisa, nikamwita mama aziguse, naye akatabasamu. Kesho yake asubuhi nikaingiza ubao wenyewe wa mvule. Hakuna ubao.

Kaka akasema tatizo ni mvule, ni mweusi mno, jicho halioni kitu cheusi. Nikabandika selotepu nyeupe ya karatasi pembeni mwa ubao. Ikaona, ikachonga herufi mbili za jina la baba, kisha kigurudumu kikaruka na herufi ya tatu ikapanda mgongoni mwa ya pili. Ule ubao ukaenda kuni. Mvule si mti wa kuchezea, na niliupata kwa kubembeleza.

Basi zikaanza siku za namna moja. Nasafisha, inafanya kazi mchana. Kukicha ni kipofu. Nalaumu umeme, nalaumu unyevu, nalaumu kaka. Nikaanza kuichukia mashine kama mgeni aliyekataa kuondoka, na mgeni angalau siku ya tatu unampa jembe. Mgongo uliniuma kwa kuinama. Mama hakuniharakisha hata siku moja. Aliuliza tu, akiwa amekaa na mikono mapajani, "Leo imeonaje?" Nami najibu, "Bado, mama." Afadhali angegomba.

Nikaenda Malaba kwa fundi mmoja anayefungua kila kitu, kuanzia simu hadi jenereta. Nilikuwa nimeing'oa ile sensa na kuifunga kwenye leso. Akaigeuzageuza chini ya taa, akaipima kwa waya zake.

"Hii iko sawa, dada," akasema. "Shida iko kwa nyumba. Angalia kitu inaingia hapo."

Sikumwamini. Nilivuka mpaka kwenda upande wa pili kutafuta sensa nyingine, nikazunguka maduka ya vipuri, na kila duka wananiambia kwa adabu ya kule, "Hiyo sina, nyabo." Malori yamepanga foleni hadi macho yanakwisha, jua linachoma, nami natembea katikati yake nikitafuta jicho. Nikarudi Busia mapema kuliko nilivyokuwa nimesema, miguu ikiwaka moto, sina hamu hata ya chai.

Nikafika mlangoni. Mama alikuwa amesimama mbele ya mashine, amenipa mgongo, na hakunisikia.

Hapa lazima nieleze desturi ya nyumba yetu, ingawa nadhani ni ya nyumba nyingi. Kwetu kitu cha thamani hakikai uchi. Kochi lina kitambaa, runinga ina kitambaa, hata mtungi wa maji una chake, na vyote mama alivifuma kwa kroshia kwa mkono wake. Mashine ilipoletwa aliifumia cha manjano, chenye nyuzi ndefu za pindo. Ndicho cha mwisho alichokimaliza kabla macho hayajazima. Kila jioni aliifunika. Alisema imeshinda ikifanya kazi, nayo ilale. Na mimi kila asubuhi nilikitoa na kukiweka kochini bila hata kukitazama.

Alikitandaza, akakinyoosha kwa viganja. Kisha akapapasa mdomo wa mashine, pale ubao unapoingilia, akaanza kuchomeka pindo ndani. Alichomeka taratibu, kwa vidole viwili, mpaka ndani kabisa, kama anayemkunjia mtoto blanketi ili lisimtoke usingizini. Alipokuwa anaona, kitambaa kilikaa juu tu. Sasa aliogopa kisije kikaanguka asijue.

Mwenye macho haambiwi tazama, na mimi mwenye macho nilikuwa sijatazama.

Nilisubiri aende jikoni. Nikakitoa kile kitambaa, nikamulika ndani kwa tochi ya simu. Manyoya ya uzi yalikuwa yamelala pale jicho linapokaa, na nyuzi za manjano zimejizungusha kwenye kigurudumu cha shaba, nyingine kuukuu, nyingine za jana. Nikazivuta. Zilikatika moja moja. Nilikuwa na hasira na sikuwa na wa kumkasirikia. Nikakaa chini pale pale nikalia kidogo, zaidi kwa uchovu.

Mama aliporudi nilimwambia kwamba kuanzia leo mashine isifunikwe, fundi wa Malaba amesema ipate hewa. Akasema sawa.

Asubuhi nilimkuta kibarazani, kitambaa cha manjano mapajani. Kilikuwa kimebaki nusu. Alikuwa anavuta uzi na kuuzungusha kuwa donge.

"Mama, unafanya nini?"

"Nafumua."

Nikamwambia aache, hicho ni kizuri, tutakiweka hata kwenye redio. Hakuacha.

"Nilikusikia ukivuta uzi jana. Uzi wangu naujua ukikatika. Macho ndiyo yameisha, mwanangu. Masikio bado yapo."

Akazungusha uzi tena mara kadhaa.

"Kumbe jina la mzee nimelizuia mwenyewe," akasema.

Nilimwambia si hivyo. Nilimwambia mashine ni ya kijinga, imetengenezwa na watu wasiojua nyumba ya mtu inavyokaa. Akacheka kidogo, kicheko cha kuniridhisha. Nilimwonea huruma hata nikaona bora mashine ingekufa kabisa, nisijue kilichoiua.

Siku hiyo nikarudisha jicho mahali pake, nikaweka ubao wa mvule niliobakiwa nao. Mashine iliuona mara moja. Mama alikaa kwenye kochi la wageni, kichwa kimeinama upande, akisikiliza kisu cha mashine kikiingia na kutoka. Kila kimya kidogo kilipopita alikaza mikono. Ubao ulitoka upande ule, mzima, herufi zimezama. Nikataka auguse. Akakataa, akasema atausomea huko kaburini.

Jumamosi, msalaba ukiwa umeshasimikwa, tulimshika mkono mpaka mwisho wa shamba. Watu wa kanisa waliimba, kisha mchungaji akampisha. Mama alipiga magoti, akautafuta msalaba, akaweka kidole gumba kwenye herufi ya kwanza. Alikwenda polepole. Alipofika ya mwisho alirudi mwanzo akasoma tena, na hakuna aliyemharakisha.

"Ndiye," akasema.

Kisha akavua leso mabegani, akaifunika juu ya msalaba, akainyoosha kwa viganja. Akachomeka pindo vizuri, upande huu na upande ule. Safari hii nilimwacha.