Njia ya Pili ya Dalal

Nyumba aliyofanyia kazi Dalal ndimo alimozaliwa bibi yake, Bi Nada. Kufikia siku za Dalal ilikuwa imegeuzwa hoteli: nyumba mbili za Mji Mkongwe zilizounganishwa na wikio, kile kijumba chembamba kinachopita juu ya uchochoro. Zamani wanawake walivukia humo ili wasikutane na wageni wa kiume.

"Chini kukiwa kutupu twashuka ngazi, wikio tumelifunga," Bi Nada alikuwa akimsimulia. "Wageni wakijaa, twalifungua."

Dalal alilala na maneno hayo utotoni, akaamka fundi wa kompyuta.

Mwaka 2004 alipitisha waya wa mtandao ndani ya wikio, kutoka swichi ya nyumba moja, kile kisanduku kinachogawa mtandao, hadi ya nyumba ya pili. Halafu, kwa kujiamini kupita kiasi, akapitisha mwengine juu ya paa, ili mmoja ukikatika wa pili ushike. Akaziacha njia zote mbili wazi. Ujumbe ukaenda kwa wikio, ukarudi kwa paa, ukaenda tena, ukizaliana, mpaka kompyuta zote zikaganda.

"Ng'oa waya wako wa pili!" alifoka Masoud, meneja.

"Niachie, Bwana Masoud. Kosa si la waya, ni langu."

"Basi mtandao ukizima tena, kazi huna; nenda zako kwenu Mpendae ukalale."

Mimi ningeung'oa, nikala mshahara wangu kwa amani. Dalal mbishi. Aliziwekea swichi kanuni yao: ziulizane, zichague njia moja, ya pili zifunge lakini ibaki ikingoja. Kwenye swichi, taa ya waya wa paa ikawa rangi ya chungwa: inangoja. Kwa miezi aliitazama, akimwona bibi yake kasimama nyuma ya mlango, anasikiliza kama chini kuna watu. Aliipenda taa ile jamani.

Asubuhi moja ya masika dari ya wikio ikaanguka, ikakata waya. Dalal alisikia kishindo, akakimbilia mapokezi akilia, moyoni keshaiaga nyumba. Akamkuta Ulfat, msichana wa mapokezi, anaandikisha wageni.

"Mtandao?"

"Ulikwama nusu dakika hivi, ukaendelea. Kwani kuna nini, dada Dalal? Mbona walia?"

Dalal akaiinamia swichi. Taa ya paa ilikuwa kijani: njia imefunguka.

"Bibi kashapita," alisema.

Akafuta machozi, akaenda mwenyewe kumwambia Masoud kwamba wikio limeanguka, na kwamba yeye bado yupo kazini.