Maji ya Okke

Hiske Terpstra alikuwa fundi wa mapazia mjini Franeker, na katika miaka yake yote ya kazi hakuwahi kuogopa nyumba. Aliingia majumba ya watu waliokwisha kufa, akapanda ngazi zao peke yake, akapima madirisha yao na kuondoka zake. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu wa maneno, ambaye hakuolewa na hakuonyesha kujuta. Kwa hiyo dada yake Renske alipoanguka ngazini kule Harlingen akafariki, na watu wakaanza kuulizana nani atamchukua kasuku, Hiske hakusita.

"Mimi nitamchukua," alisema. "Ndege ni ndege tu."

Kasuku huyo, Okke, alikuwa wa kijivu mwenye mkia mwekundu, na alikuwa ameishi na Renske tangu nywele za Renske zikiwa nyeusi. Huko Franeker alipiga kelele mchana kutwa, kisha akaanza kujinyonyoa manyoya ya kifua mpaka ngozi ikaonekana. Jirani wa ghorofa ya chini akapanda kuuliza kama kuna mtu anapigwa. Hiske alikuwa ameacha kazi si muda mrefu, na mkataba wa pango la nyumba ya Renske ulikuwa bado haujaisha. Akalifunika tundu kwa shuka, akapanda treni, akamrudisha Okke alikotoka. Na yeye mwenyewe akabaki huko huko, apate kupanga vitu vya marehemu taratibu.

Ilikuwa nyumba nyembamba ya matofali, ya zamani sana, nyuma ya mfereji. Jiko lilikuwa mwisho kabisa, lenye dirisha moja, na tundu la Okke lilisimama hapo tangu zamani. Alipokuwa akisafisha, Hiske alikuta chini ya sinki chupa nyingi za maji ya dukani, zimepangwa kama askari. Akashangaa, kwa sababu Renske alikuwa mtu wa kuyatumia majani yale yale ya chai mara mbili. Akamuuliza Gepke, jirani wa mlango wa pili, ambaye alikuja na kipande cha mkate wa sukari kumkaribisha.

"Hayo hakuwa anakunywa yeye," Gepke akasema. "Ya Okke hayo. Yeye alikunywa ya bomba."

"Kasuku anywe ya duka, mtu anywe ya bomba?"

"Ungemuuliza mwenyewe. Mimi nilichoka kuuliza, dada. Mwishoni leo ananiita Gepke, kesho ananiita kwa jina la mama yenu. Mikono inamtetemeka, kikombe kinagonga sahani, ukimwambia nenda kwa daktari anakwambia nenda wewe."

Hiske akatikisa kichwa. Uzee, akajisemea, na upweke. Maji ya chupa akamwagia maua ya dirishani, na asubuhi iliyofuata akamjazia Okke kibakuli chake kutoka bombani, kama ambavyo mtu yeyote angefanya.

Okke akashuka kwenye kijiti, akayatazama maji kwa jicho moja, kisha kwa jicho la pili. Akachovya mdomo, akatikisa kichwa kama mtu aliyeonja siki, akakipindua kibakuli. Hiske akajaza tena. Akapindua tena.

"Sawa," Hiske akamwambia. "Kiu itakufundisha adabu."

Na kweli, jioni alikunywa.

Mambo yalianzia hapo. Kila Hiske alipojaza birika, sauti ya maji yakitiririka iliendelea baada ya yeye kufunga bomba. Mara ya kwanza alilikaza bomba mpaka kiganja kikamuuma, akainama kutazama chini ya sinki, akapapasa ukuta. Kukavu. Alipogeuka akamwona Okke, koo linacheza, maji yanatiririka ndani ya kifua chake. Hiske akacheka, lakini kicheko hakikufika mbali.

Siku nyingine alikuwa chumba cha mbele akikunja blanketi, ukungu umelala dirishani kama pamba, akaitwa kwa jina.

"Hiske. Usije leo, nimechoka."

Ilikuwa sauti ya Renske, yenye ule mkwaruzo wake, na ule mpumuo mdogo wa mwisho. Hiske aliyafahamu maneno yale. Renske alimwambia hivyo kwenye simu Jumapili baada ya Jumapili katika mwaka wake wa mwisho, na Hiske akashukuru kimoyomoyo, akabaki kwake. Sasa alisimama na blanketi mkononi, anajua ni ndege, anajua kabisa, na bado miguu yake haikukubali kwenda jikoni mpaka Okke alipoanza kupiga mluzi.

Lakini lililomsumbua kuliko yote lilikuwa mazungumzo. Yalikuja kutoka tunduni asubuhi, wakati wa chai, na yalikuwa ya watu wawili.

"Yana ladha ya sarafu," Renske alisema.

Kisha mwanamume, sauti nzito yenye upole, inayoburuta maneno. "Maji mazuri haya, mama. Tazama, nakunywa."

Halafu ikafuata sauti ya mtu anayemeza, mafunda makubwa, moja baada ya jingine, na glasi ikawekwa juu ya meza. Mezani hapakuwa na glasi.

Hiske akamuuliza Gepke ni mwanamume gani aliyekuwa akija kwa Renske.

"Mwanamume? Kwa Renske?" Gepke akacheka mpaka akashika mlango. "Labda yule wa kuleta makaa, enzi za makaa. Unasikia wanaume sasa? Fungua dirisha, upate hewa."

Hiske hakucheka. Yeye mwenyewe sasa alikuwa anaamka na ladha ya chuma mdomoni. Alidhani ni meno.

Kabla ya Krismasi Okke akaacha kula. Kinyesi chake kikawa kijani kibichi, kichwa kikawa kinamtetemeka, na asubuhi moja Hiske akamkuta sakafuni mwa tundu, vidole vyake vimekunjika kama ngumi, hawezi kushika kijiti. Macho yalikuwa wazi. Kwa sauti ya Renske, chini chini, alikuwa anasema jina la mama yao.

Akamfunga kwenye taulo, akamkimbiza kwa daktari wa wanyama, mama wa makamo aitwaye Nynke, mtu wa mikono ya polepole. Daktari akatoa tone la damu mguuni, akapima, akatazama matokeo.

"Ana sumu ya risasi," akasema. "Namaanisha madini ya risasi, si ya bunduki. Anatafuna nini huyu?"

Hiske akakumbuka mapazia. Katika upindo wa mapazia mazito hushonwa vipande vidogo vya risasi ili pazia lining'inie vizuri, na yeye alikuwa na mkebe mzima ndani ya sanduku lake la kazi. Alieleza hayo. Daktari akampiga Okke sindano, akasema aende akavihesabu vile vipande, na akague kila pazia.

Mkebe ulikuwa umefungwa, na mapazia ya Renske yalikuwa mepesi, hayana kitu upindoni. Akapiga simu.

"Basi maji," daktari akasema. "Unampa maji gani?"

"Ya bomba."

"Nyumba ya zamani?"

Hiske akakumbuka siku ya kusafisha. Aliziona zile chupa chini ya sinki, zimepangwa.

"Usimpe tena hata tone," daktari akasema. "Na kuchemsha hakusaidii, risasi haiondoki kwa moto. Mpe ya chupa, au ulete ya nyumba nyingine. Kibakuli kioshe kwa maji hayo hayo salama, ubadilishe asubuhi na jioni. Na wewe, unakunywa nini?"

Tangu siku hiyo Hiske alichota maji kwa Gepke, ambaye nyumba yake ilijengwa upya baada ya kuungua na ilikuwa na paipu mpya. Alibeba jagi kila asubuhi kama mwanamke wa zamani. Okke alikunywa kidogo kidogo, kwanza kwa kijiko, kisha mwenyewe. Alipokunywa, Hiske alikaa kando yake na kutazama koo dogo likipanda na kushuka, na akafikiri juu ya Renske, aliyejua kuwa maji yale si mazuri, akamwamini mtu aliyemwambia ni mazuri, lakini hakumwamini kiasi cha kumpa ndege wake maji hayo.

Akamwita mwenye nyumba. Hakuwa amewahi kumwona. Mambo ya mkataba yalipitia kwa binti wa mwenye nyumba huyo. Alikuja mchana wa ukungu, mzee mpana wa mabega, kofia mkononi.

"Habari za mchana, mama," akasema mlangoni. "Mimi Douwe Wiersma. Naambiwa una malalamiko ya maji."

Hiske alishikilia kitasa. Ilikuwa ile sauti. Ule upole, ule mburuto wa maneno. Aliisikia kila asubuhi ikitoka kwenye tundu, na sasa ilikuwa imesimama mlangoni kwake, imevaa koti.

Akampeleka jikoni. Mzee akachukua glasi kabatini bila kuuliza iko wapi, akafungua bomba, akajaza.

"Dada yako naye alikuwa na hofu hii hii. Maji mazuri haya, mama. Tazama—"

Kabla glasi haijafika mdomoni, Okke akameza. Mafunda makubwa, moja baada ya jingine, na glasi ikawekwa juu ya meza. Glasi ya mzee ilikuwa bado iko hewani.

"Yana ladha ya sarafu," Renske akasema kutoka kwenye tundu.

Maji yakamwagika kwenye mkono wa koti. Hiske akaona kwamba mkono wa mzee ulikuwa ukitetemeka, na akajua haukuanza kutetemeka sasa hivi. Douwe Wiersma akavuta kiti akaketi.

"Mama yangu alisema hivyo hivyo," akasema. "Hapa hapa. Mimi nimezaliwa chumba cha juu ya jiko hili. Alikuwa akisugua mikono kwenye ukingo wa meza, siku nzima. Sisi watoto akituchanganya majina. Wageni wakija tulimweka ghorofani, tukasema amelala."

"Na wewe ukamwambia Renske ni mazuri."

"Nilikuwa nakunywa mwenyewe. Ulisikia. Nimeyanywa maisha yangu yote." Akatazama mkono wake kama kitu cha mtu mwingine. "Nilidhani nikinywa mbele yake nimemthibitishia."

Hiske alikuwa amejiandaa kwa maneno makali, ameyapanga kwa siku nyingi. Badala yake akaichukua ile glasi, akaimwaga sinkini.

Mzee akasimama, akaomba tochi, akaenda kwenye korido. Chini ya zulia palikuwa na mfuniko wa mbao wa kuingilia uvunguni mwa sakafu. Akaufungua, akashuka kwa taabu, akapotea gizani huku hewa baridi ya udongo ikipanda. Hiske alisimama ukingoni akitazama mwanga ukizunguka chini. Alisikia kisu kikikwangua. Kisha kimya kirefu, mpaka akaogopa.

"Umeona?"

Swali lilitoka jikoni. Lilikuwa la Renske, tulivu, kama mtu anayemuuliza fundi. Okke hakuwahi kulisema neno hilo kabla ya siku ile, wala hakulisema tena.

"Nimeona," mzee akajibu kutoka chini, akidhani ni Hiske. "Paipu inang'aa kama fedha. Ni risasi tupu, mama, mpaka barabarani. Nisamehe."

Hiske hakumwambia kwamba yeye hakuwa amefungua mdomo. Alimpa mkono, akamsaidia kupanda.

Mafundi walikuja baada ya sikukuu. Wakang'oa paipu zote za zamani, laini kiasi kwamba ziliweza kukunjwa kwa mikono, wakaweka za plastiki. Renske alikuwa ameshazikwa, na hakuna aliyeweza kusema kwa hakika kama ni maji yaliyomfikisha pale juu ya ngazi akiwa hajui yuko wapi. Daktari wake alisema inawezekana. Hiske aliishi na jibu hilo. Yeye mwenyewe alipimwa, akaambiwa hajaathirika sana. Mzee Wiersma alipimwa pia, naye hakuambiwa hivyo.

Okke alipona, ila mguu mmoja ulibaki dhaifu, na Hiske akamfungia vijiti kamba ya katani ili asiteleze. Aliuza nyumba yake ya Franeker na kubaki Harlingen. Hakuna aliyemuuliza sababu isipokuwa Gepke, ambaye alijibiwa kwamba jiko lina mwanga mzuri, jambo ambalo halikuwa kweli.

Ile sauti ya Renske ilififia polepole, majira hadi majira, jinsi kasuku anavyosahau kitu asichokisikia tena. Kuna asubuhi Hiske aliketi mezani akingoja, asijue anaogopa kwamba itakuja au anaogopa kwamba imekwisha.

Siku za Alhamisi mzee Wiersma huja na mfuko wa matufaha ya bustani yake. Hukaa, huongea kidogo, hunywa chai kwa mikono miwili. Kila anapoingia Okke hugeuka, humpa mgongo, hutazama ukuta mpaka mzee aondoke.

"Samahani kwa huyu," Hiske alimwambia safari moja.

"Mwache," Douwe akasema, akipaka siagi mkate wake. "Ana haki yake."

Akala mkate pole pole, na ndege akaendelea kutazama ukuta.