Pima Moja

Mpangaji wa chumba cha uani kwa Bi Somoe, pale Chuno, anaandika kwa Kiswahili maelezo ya namba na vipimo vinavyotumika katika lugha ya kuandikia programu za kompyuta, na haandiki neno kabla hajakijaribu kitu chenyewe. Alipofika kwenye pai, ile namba ya duara, aliazima mfuniko wa sufuria, akauzungushia uzi, akaurudisha umeoshwa. Kila maelezo huyasoma dirishani kwa sauti ya chini, kisha huuliza, "Mama, hapo umeelewa?" Bi Somoe, anayebangua korosho nje, hujibu, "Nimeelewa, baba," hata kama hajaambulia kitu, maana hajapata kumsikia akizungumza na mtu mwingine, wala simu yake ikilia.

Jumapili moja alimkuta ameukumbatia ukuta, shavu kwenye chokaa, mikono ameitandaza, kamba ikimchomoka vidoleni.

"Kulikoni, baba?"

"Natafuta pima, mama. Ncha ya kidole cha mkono huu mpaka cha mkono wa pili."

"Pima haijipimi. Kwetu Mahurunga tukichimba kisima, mmoja hutandaza mikono, mwenzake hushika kamba. Geuka."

Akageuka. Bi Somoe akaivuta kamba toka kidole hadi kidole, ikapita kifuani pake, na alipoibana pale katikati aliusikia moyo wa mpangaji ukienda mbio. Akapiga fundo huku na huku. "Tayari," akasema, akaitundika kamba dirishani, akarudi kwenye korosho zake.

Alipoinua macho, mpangaji alikuwa bado amesimama pale pale, mikono imetandazwa.