Mama Bureti Arudi Dawatini

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, kengele haijalia. Katika maabara ya kemia, ghorofa ya pili, mwanamke mwenye koti jeupe lililopauka viwikoni anajaza maji bureti arobaini, moja baada ya nyingine, kisha anainama kuchungulia koki za hiyo mirija mirefu ya kupimia. Ya kumi na saba inadondosha. Anaichomoa, anaipaka mafuta mazito kwenye koki, anairudisha.

"Bureti inayovuja ni shahidi wa uongo," anasema. "Mtoto anapima vizuri, jibu linatoka baya, anaamini yeye ndiye mjinga."

Wanafunzi wanamwita Mama Bureti. Ana miaka arobaini na sita, na kumi na tisa kati ya hiyo ameitumia kutunza maabara za shule hii ya serikali iliyo katikati ya jiji. Wanafunzi ni elfu moja na mia tisa. Wakubwa husoma asubuhi, wadogo mchana, na chumba cha kemia hakipoi.

"Matokeo yetu ya sayansi yamepanda miaka minne mfululizo," anasema mwalimu wa taaluma, akinyoosha kidole kwenye ratiba iliyofunika ukuta mzima wa ofisi yake. "Watu wakitupongeza sisi walimu, nawaambia pandeni ghorofa ya pili kwanza."

Lakini miaka mitatu iliyopita nusura Mama Bureti aondoke ghorofani humo. Ilikuja barua ya mistari minne: kila mtunza maabara awe na cheti cha kidato cha nne chenye kemia, la sivyo apangiwe usafi.

Yeye aliishia kidato cha tatu, baba yake alipougua na yeye, kifungua mimba, akabaki kumuuguza. Shuleni hapa aliingia kama mfagizi. "Nilikuwa nafagia taratibu makusudi, nisikie mwalimu anasema nini," anasema na kucheka. Mtunza maabara wa zamani alipostaafu, akaambiwa ashike nafasi kwa muda. Huo muda ndio huu.

Barua ile alimwonyesha mdogo wake tu.

"Dada, uliowafundisha kushika pipeti leo ni madaktari. Unaogopa nini?"

"Naogopa kufeli mbele ya wadogo zao."

Akajiandikisha kufanya mtihani wa kidato cha nne, na kweli akafeli. Mikono ilijua kila kitu. Hesabu ndizo zilizomwangusha. Aliomba apewe mwaka mmoja zaidi, akapewa, ukiwa wa mwisho. Habari haikufichika. Wiki ileile, binti mmoja wa kidato cha nne alichungulia mlangoni.

"Mama, kikundi chetu kinakutana saa nane. Kiti chako kipo."

Akaenda. Wao walimfundisha hesabu, yeye akawafundisha kutuliza mkono. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Mtihani wa pili, kama ule wa kwanza, aliufanyia shule nyingine, maana huwezi kuandaa vifaa vya mtihani kisha ukaufanya. Siku ya vitendo, bureti aliyopewa ilikuwa inadondosha. Akanyoosha mkono.

"Mama, tumia hiyohiyo," msimamizi akamwambia.

"Inavuja, mwalimu. Na ya huyu wa mbele yangu inavuja. Zikague zote, tafadhali."

Zikakaguliwa. Sita zilikuwa mbovu. Zikabadilishwa, na dakika zilizopotea zikaongezwa kwa wote.

Matokeo yalimkuta kwenye sinki. Mwalimu wa kemia, aliyewahi kuwa mwanafunzi humuhumu, alipanda ngazi mbio.

"Mama, C! Umepata C ya kemia!"

"Subiri nisuuze hii."

Alisuuza, akaiweka chupa mahali pake, akakaa juu ya stuli. Kicheko na machozi vikaja pamoja, na mwalimu akabaki amesimama na taulo mkononi.

Sasa amethibitishwa kazini. Mwezi ujao anaanza stashahada ya ufundi wa maabara, masomo ya jioni, miaka mitatu. Fomu ameshajaza, na kikokotoo amenunua kipya.

"Watu wananiuliza, cheti cha nini uzeeni?" anasema. "Nikimaliza nitabakiwa na miaka kumi na moja kabla ya kustaafu. Kila mwaka hapa wanaingia zaidi ya mia nne. Piga hesabu mwenyewe. Mimi siku hizi naziweza."