Udhu wa Bendera

Wenzangu tuliokulia mtaa wa Waswahili pale Rumonge, miaka ile bendera yetu ya uhuru bado ina ngoma katikati, mtakumbuka tulivyofika shuleni Jumatatu miguu imelowa na vumbi limeganda mpaka vifundoni. Watoto wengine walituita samaki. Sababu ilikuwa kiapo. Bendera ikipanda, Mwalimu Melkiori alipaza sauti, "Imana, Umwami, Uburundi!", yaani Mungu, Mfalme, Burundi, nasi tukaapa mbele ya Mungu kuitumikia nchi. Baba yangu, muuza mawese sokoni, aliposikia hayo alisema mtu haapi kwa Mungu na mikono inayonuka ndagala, dagaa wa ziwani. Basi tukawa tunapitia ziwani kwanza, tunachukua udhu, ndipo tunakwenda kuapa. Majirani wakaiga. Mwalimu, Mkristo wa kila misa, alishika kamba ya bendera akatungoja mpaka mtoto wa mwisho apande kutoka ufukweni.

Kisha mfalme akaondolewa, ngoma ikatoka kwenye bendera, na maneno yakawa Umoja, Kazi, Maendeleo. Tulimuuliza Baba kama tuendelee kutawadha. Akajibu, "Kazi haina udhu, wanangu. Muende tu." Tulifurahi sana, maana maji ya asubuhi yalikuwa baridi.

Mwaka wa sabini na mbili nilikuwa nimeshaanza kujifunga kitenge. Watu waliuawa huku kwetu kusini, kisha wanajeshi wakaja, wakawa wanawachukua waliosoma. Mwalimu Melkiori alijificha ghalani kwetu, nyuma ya mapipa ya mawese. Mchana mmoja askari alisimama mlangoni.

"Muzee, iko mutu mule ndani?"

"Hamuna, afande."

"Apa kwa Mungu."

Baba hakuwahi kuapa hata juu ya bei ya mafuta. Nilisimama ubavuni mwake. Nilijua hawezi kuapa uongo, na nilijua tutakufa wote.

"Wallahi," akasema, "hamuna mutu. Iko mafuta tu."

Askari akaondoka. Mwalimu alivushwa kwa mtumbwi, akafika Kigoma salama. Baba akafunga siku tatu za kafara, kufidia kiapo kile. Ya nne akafunga tena, na ya tano. Mama alipomwambia zimetosha, alijibu kwamba yeye hajui kama zimetosha, na miaka yote iliyofuata aliendelea kufunga.

Siku hizi waheshimiwa wanaapishwa kwenye televisheni wakimtaja Mungu, na wajukuu zangu wanaapa kwa Mungu huyohuyo kwamba simu imeisha chaji, sambusa mdomoni. Siwalaumu sana. Enzi zetu nazo hazikuwa za malaika, na mengine ya mwaka ule sitaki kuyasema. Ila Baba amefariki, nami nimezeeka, na nina ombi moja tu. Siku ya kufufuliwa, nisimamishwe karibu na yule mzee aliyeapa uongo.