Waliomuua Beberu Wangu wa Ntheo

Waliomuua beberu wangu walikuwa watatu, wote watoto wa amu yangu mwenye ghorofa Nairobi. Walikuja kijijini kwetu Mutomo kwa Krismasi na gari kubwa, viatu vyeupe na maji yao wenyewe ya kunywa.

Beberu yule hakuwa kitoweo. Alikuwa wa ntheo, mbuzi wanaopelekwa kwa wazazi wa msichana. Kwetu Wakamba, bila ntheo hata mkizaa watoto kumi, mke bado ni wa kwao. Ukame ulishaniahirishia safari mara mbili, na baba wa mchumba wangu, huko Makueni, alisema nikikosa Jumamosi ya baada ya Krismasi nimsahau binti yake. Basi Susu, nyanya yangu, akamfunga beberu peke yake nyuma ya jikoni, akamlisha mpaka akaota kitambi.

Ijumaa tuliporudi kutoka sokoni tulikuta moshi, muziki, na kichwa cha beberu kimevalishwa miwani ya jua. Picha ilishasambaa hadi Makueni.

"Susu, tulidhani ni yetu," mkubwa wao akasema. "Si alikuwa amefungwa kando, amenona?"

Maskini, tangu wazaliwe, kizuri kikiwekwa kando huwa ni chao! Nilitaka kuwatandika, lakini Susu alinitangulia na mwiko.

"Tutamtumia baba mkwe pesa kwa simu anunue ingine," mkubwa akajitetea.

"Ntheo haitumwi kwa simu!" Susu akafoka. "Nyinyi mmeua, nyinyi mtapeleka ingine. Na hiyo gari yenu!"

Kesho yake beberu waliyemnunua kwa jirani aliketi kiti cha nyuma, katikati ya wauaji wawili. Alitafuna mkanda wa kiti, akakojolea viatu vyeupe. Wakampulizia manukato njia nzima.

Tulipofika Makueni, baba mkwe alimzunguka beberu, akamnusa shingo, akanusa tena.

"Huyu si ndiye yule wa miwani?"

"Yule ni marehemu, baba," nikajibu.

Nikajua nimemkosa binti yake. Ndipo kutoka jikoni kikatoka kicheko cha mchumba wangu, kile cha kukoroma kilichonifanya nimpende. Baba yake alijaribu kununa, akashindwa.

"Mfungeni hapo, ntheo imefika," akasema.

Nililia mbele ya wakwe, nimemkumbatia beberu anayenukia kuliko bibi harusi. Wauaji wakanipiga picha. Mke wangu ameitundika sebuleni.